Vitabu vya kurasa ngumu kwa watoto wachanga: vya wanyama nunua, vya ratiba ya siku chunguza kwanza

Kabla hujaangalia picha hata moja, fungua kitabu katikati, kilaze juu ya meza ya duka na ukikandamize kwa kiganja mpaka kurasa zote mbili zilale sawa. Tega sikio. Kikilia ka! kama kijiti kikavu, kirudishe kwenye rafu, hata kama tembo wa jaladani anakuchekea vipi. Mlio huo ni gundi ya mgongoni inayokatika, na mtoto wa miezi kumi hatachukua muda kuimalizia kazi hiyo.

Tunazungumzia vile vitabu vidogo vya kadi nene, mara nyingi kurasa 10 hadi 24, vinavyotengenezwa kwa watoto wa miezi michache hadi miaka mitatu hivi. Mada zake kubwa ni mbili: wanyama, na shughuli za siku, yaani kuamka, kula, kuoga, kuvaa, kulala. Hukumu tunaitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: vya wanyama vinasafiri vizuri hata vikitoka mbali; vya ratiba ya siku vingi havisafiri, na baadhi ya vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili ni heri vingebaki kwao.

Kilivyoundwa ndipo kinapoharibikia

Kitabu cha aina hii hakishonwi wala hakipigwi pini. Kila picha ya kurasa mbili huchapwa kwenye kadi moja. Kadi inakunjwa katikati, picha kwa ndani, kisha upande wake wa nyuma unagundishwa na upande wa nyuma wa kadi inayofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo ukurasa unaougeuza ni kadi mbili zilizokumbatiana, na mkunjo ndio bawaba pekee iliyopo. Jalada huzungushwa mwishoni. Katika vitabu vizuri vingi jalada hushikwa na kadi ya mwanzo na ya mwisho tu, na mgongo wake huachwa huru. Ukifungua kitabu unaona uwazi mdogo kati ya mgongo wa jalada na kadi. Wanunuzi wengine hudhani hiyo ni kasoro, kumbe ndiyo nafuu yenyewe. Mgongo uliogundishwa wote hulazimika kupindwa kila ukurasa unapofunguliwa, na gundi ikishakuwa ngumu haitaki kupindwa.

Jambo la pili ni nyuzi za karatasi. Kadi ina upande ambao nyuzi zake zimelalia. Zikienda sambamba na mgongo, mkunjo unatulia na kitabu kinafunguka bila ubishi. Zikikatiza, uso wa kadi unapasuka kwenye mkunjo, rangi inachubuka, na baada ya muda unaona mstari mweupe ukishuka katikati ya tumbo la twiga. Dukani ni rahisi kupima: shika ukurasa mmoja, upinde kidogo kuelekea mgongo, kisha upinde kidogo kutoka juu kwenda chini. Unapaswa kutii zaidi ukipindwa kuelekea mgongo. Ukiwa mkaidi upande huo na laini upande wa pili, mtengenezaji alibana matumizi ya karatasi, na hasara utaibeba wewe.

Unene usikuhadae. Kadi mbili za gramu 350 kwa mita ya mraba zikibanana hutoa ukurasa wa karibu milimita 1, na huo unatosha kabisa. Kurasa za milimita 2 mara nyingi zina kadibodi ya kijivu katikati. Zinamfaa mtoto wa miezi sita kwa kuwa kidole kinapata pa kushika, lakini hicho cha kijivu ndicho kinachonyonya mate. Chungulia ukingo: ukiona mstari wa kijivu uliobanwa na meupe mawili, ujue pembe zikitafunwa zitachambuka tabaka kwa tabaka kama chapati. Na zitatafunwa. Mtoto anayeanza kuota meno hasomi kwa macho tu, na kumkataza ni kupoteza muda. La maana ni pembe ziwe za mviringo na utando wa juu ufike hadi ukingoni.

Utando wenyewe ni nailoni nyembamba, yenye kung'aa au isiyong'aa. Inayong'aa hufutika kirahisi, uji ukimwagika unapangusa na kuendelea, ila chini ya balbu inarudisha mwanga na mtoto anaona kioo badala ya picha. Isiyong'aa inapendeza macho lakini hushika alama za mikono yenye mafuta. Kwa nyumba ambayo kitabu kitapita kwenye meza ya chakula, chukua inayong'aa. Chokoa pembe ya ukurasa kidogo kwa ukucha. Utando ukianza kuinuka kitabu kikiwa bado kipya, usitarajie muujiza.

Ukubwa wa sentimita 15 kwa 15 ndio unaofaa mikono ya mtoto wa miezi tisa. Kile cha sentimita 25 ni kizuri kwa kusomewa mapajani, lakini mtoto hawezi kukibeba, na kikimdondokea usoni akiwa amelala chali kinauma kweli.

Wanyama

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita tafuta picha moja kwa ukurasa, rangi zinazopingana wazi, mandharinyuma matupu. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, kwa hiyo kitabu cha nyati aliyezama kwenye majani marefu ya savana, hata kikiwa na picha nzuri ya kutundikwa ukutani, kwake ni ukungu. Picha za kupigwa kwa kamera au za kuchora? Kwa kujifunza jina la mnyama ambaye atamwona kweli, mbuzi, kuku, paka, picha ya kamera inashinda. Kwa simba na nyangumi, mchoro mzuri unatosha.

Vitabu vingi vya mifugo vinavyofika kwetu vimechorwa kwa macho ya shamba la Ulaya. Kondoo ni wingu jeupe lenye miguu minne. Mtoto anayekua karibu na kondoo wa Kimasai, mwekundu, manyoya mafupi, mkia mnene, atamwita kondoo wa kitabuni kila jina isipokuwa kondoo, na hana kosa. Halafu yupo bundi. Katika vitabu vya usiku vya Wazungu bundi ni mnyama mpole anayemtakia mtoto usingizi mwema. Kwa bibi wengi wa huku, bundi akilia juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa. Kama bibi ndiye msomaji mkuu nyumbani, chagua kitabu kingine, vinginevyo ukurasa huo utarukwa kila siku. Kuhusu dubu hatuna la kusema. Hayupo Afrika Mashariki, wala hamdhuru mtu akiwa kwenye kadi.

Kitabu cha wanyama cha lugha ya kigeni kinaweza kusomwa kwa Kiswahili bila tabu, kwa sababu mara nyingi maneno yake hayazidi matano kwa ukurasa. Usihangaike kutafsiri vina. Vina vya lugha nyingine vikitafsiriwa hufa njiani. Toa mlio, kisha toa kitenzi. Moo, mee, nyau, kokoriko ni kwa mtoto wa mwaka mmoja. Akifika mwaka na nusu ongeza kitenzi chenyewe: mbwa anabweka, simba ananguruma, jogoo anawika, kuku anatetea, nyuki anavuma. Hapo kitabu cha kurasa 12 kinakuwa na kazi ya mwaka mzima. Vitabu vya Kiswahili vinavyoandika "anasema" kwa kila mnyama vimetupa utajiri huo jalalani.

Na hapa ndipo pa kupimia kitabu kilichotafsiriwa. Wanyama wote, hata wale ambao majina yao yanaanza kwa ki-, huchukua upatanisho wa viumbe hai: kifaru mkubwa, kiboko amelala, vipepeo wazuri, vyura wadogo. Mfasiri wa haraka, au mashine, huona ki- akaandika "kifaru kikubwa" na "kiboko kimelala". La kwanza ni gari la vita, la pili ni mjeledi ulioachwa sakafuni. Ukikuta kosa hilo ukurasa wa pili, funga kitabu, hakuna haja ya kufika wa tatu. Mtoto wa umri huu hajifunzi sarufi kwa kuelezwa; anaibeba jinsi anavyoisikia, na kitabu hiki atakisikia mara mia.

Vya kufunua, vya matundu, vya kupapasa, vya kulia

Vitabu vya kufunua vina vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya picha. Unainua, unamkuta mnyama. Cha Eric Hill cha mwaka 1980 kiitwacho Where's Spot? ndicho kinachojulikana zaidi: mbwa mama anamtafuta mwanawe nyuma ya mlango, ndani ya saa kubwa, chini ya kitanda, na kila mahali anakuta mnyama mwingine. Ukikisoma kwa Kiswahili kinapata faida ambayo haimo kwenye Kiingereza chake. Yuko wapi? Yupo nyuma ya mlango? Hayupo. Yumo ndani ya saa? Hayumo. Po, ko na mo zote tatu zinapita mdomoni ndani ya dakika tatu, kila moja mahali pake, na mkono wa mtoto ndio unaothibitisha jibu. Mbwa kulala ndani ya nyumba ni jambo geni kwa familia nyingi za pwani, lakini mchezo wa kutafuta haujali hilo.

Dear Zoo cha Rod Campbell, cha 1982, kina ufundi kama huo. Bustani ya wanyama inatuma mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ana kasoro yake, mpaka wanamtuma anayefaa. Kwa Kiswahili sifa zinajipanga zenyewe: mkubwa mno, mrefu mno, mkali mno. Kwa kuwa wote ni viumbe hai, kiambishi hakibadiliki, na mtoto wa miaka miwili huanza kumalizia sentensi kabla yako. Kati ya hivi viwili, anza na hiki kama mtoto anapenda maneno, na kile cha kwanza kama anapenda kupekua.

Udhaifu wa aina hii ni vipande vyenyewe. Vikiwa vya karatasi ya kawaida huchanwa. Ni suala la lini, si kama. Tafuta matoleo ambayo kipande ni cha kadi ngumu na kimekatwa kutoka kwenye ukurasa wenyewe, siyo kubandikwa juu yake. Kabla ya kumpa mtoto, imarisha kila mkunjo: kata selotepu pana yenye kung'aa kwa urefu wa mkunjo, ibandike upande wa ndani, kipande kikiwa wazi kabisa. Ukiibandika kikiwa kimefungwa hakitafunguka hadi mwisho, mtoto atakilazimisha na kitachanika palepale pembeni mwa selotepu. Mfundishe pia kuinua kwa ncha ya kidole badala ya ngumi, jambo ambalo wengi hawaliwezi kabla ya miezi kumi au kumi na miwili. Kabla ya hapo, wewe unainua na yeye anashangaa.

Cha matundu ambacho kila mtu anakijua ni The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, cha 1969. Kiwavi anatoboa matunda, na tundu ni la kweli, kidole kinapita. Toleo lake la kadi linadumu vizuri kwa sababu matundu ni madogo na yako mbali na ukingo. Tundu lililo karibu na ukingo ndilo huanza kuchanika. Tatizo lake kwetu ni la ajabu kidogo, na ni la kalenda. Kiwavi anakula tunda moja siku ya kwanza ya kazi, mawili siku ya pili, matatu ya tatu. Kwa Kiswahili siku hizo ni Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mtoto aliyejifunza juzi kuhesabu anasikia "tatu" na kuona tufaha moja, anasikia "nne" na kuona mapera mawili ya kizungu, "tano" na matunda matatu. Tena Alhamisi, ambayo kwa asili ya Kiarabu ni ya tano, ina manne! Kabla ya miaka miwili na nusu haina shida, soma tu. Baada ya hapo, ama taja siku au hesabu matunda, usifanye yote kwa pumzi moja. Mtoto mkubwa zaidi, wa miaka minne au mitano, mwulize mwenyewe kwa nini Jumatatu ina tatu. Ni njia nzuri ya kumwonyesha kuwa juma la Waswahili linaanza kuhesabiwa Jumamosi.

Vya kupapasa, vyenye kipande cha manyoya ya sungura au ngozi ya mamba wa bandia, tunavipa alama ya wastani. Mtoto anavipenda, ila manyoya hunywa mate, huchelewa kukauka, na mahali penye unyevu kama Tanga au Unguja huanza kunuka. Vuta manyoya kwa vidole viwili kwa nguvu. Yakitoka hata machache, acha. Angalia pia kama kipande kimebanwa chini ya fremu ya kadi au kimebandikwa juu tu. Kilichobandikwa juu kitabanduka, na kitakwenda mdomoni.

Vya kulia, vyenye kitufe cha sauti ya ng'ombe, vinahitaji tahadhari zaidi ya vyote. Betri zake ni zile ndogo za mviringo kama za saa. Betri ya lithiamu ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza nyama za ndani kwa saa mbili tu. Kwa hiyo kifuniko cha betri lazima kiwe na skrubu inayohitaji bisibisi. Kinachofunguka kwa ukucha hakiingii nyumbani, hata kikiwa zawadi ya shangazi. Ukihisi mtoto amemeza betri, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usimtapishe, usisubiri kuona dalili. Kwa vipande vingine vidogo, kipimo cha viwandani ni silinda yenye upana wa milimita 31.7: kitu kinachozama chote humo ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani tumia roli tupu la karatasi ya chooni. Ni pana kuliko hiyo silinda, kwa hiyo ni kali zaidi, na ukali huo hauna hasara.

Hata ukiacha betri, sauti zenyewe mara nyingi ni mbovu. Ng'ombe wa spika ya ukubwa wa shilingi hulia kama mlango usiotiwa mafuta. Mlio wa mdomo wako ni bora.

Ratiba ya siku

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kitabu cha kawaida cha ratiba kilichotoka Ulaya au Marekani kinaonyesha mtoto peke yake chumbani, kwenye kitanda chenye vizuizi, anakula nafaka kavu kwenye maziwa baridi, anaogea kwenye bafu refu lililojaa mapovu, anavaa buti za theluji. Hakuna ubaya kuona maisha ya wengine. Ila kazi ya kitabu cha ratiba ni tofauti na ya kitabu cha wanyama: kinatakiwa kumsaidia mtoto kutabiri kinachofuata. Baada ya uji ni kunawa, baada ya kuoga ni mafuta, baada ya mafuta ni nguo. Picha isipofanana na beseni lake, kikombe chake na chandarua chake, utabiri haupo, na kitabu kinabaki picha tu.

Kwa familia za Waswahili zinazoishi Toronto au Muscat hesabu hubadilika. Huko bafu refu, na kwa Toronto hata buti za theluji, vinaweza kuwa ndivyo vilivyopo. Chagua kwa nyumba uliyonayo, siyo kwa asili yako.

Kitabu cha Kiswahili cha ratiba tunakipima kwa maneno manne. La kwanza ni lile ambalo Kiingereza hulifanyia kazi zote kwa neno moja: kuosha. Kwetu mtu ananawa uso na mikono, anaoga mwili, anaosha vyombo, anafua nguo. Kitabu kizuri huvitenganisha. Kibovu kinamwosha mtoto kama sufuria kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. La pili ni saa. Ukiona mshale mfupi kwenye saba na maandishi "saa saba asubuhi", mfasiri alinakili tarakimu bila kufikiri. Ni saa moja asubuhi, na mtoto ambaye baba yake anatoka kazini saa kumi na moja jioni hatakuja kuelewa kitabu hicho. La tatu ni vaa na vua: vitabu vingi vina kuvaa, vichache vina kuvua, wakati kuvua ndiko mtoto wa mwaka na nusu anakojifunza mwanzo, akianza na soksi. La nne ni salamu. Asubuhi ya Tanzania na ya pwani ya Kenya isiyo na shikamoo na marahaba ni asubuhi iliyokosa nusu yake. Mtoto anaamka, anaswaki, anakula, na hamsalimu mtu! Vitabu vilivyoandikwa na wenyeji navyo husahau hili mara kwa mara, labda kwa kuiga mpangilio wa vya nje.

Vya lugha mbili vina kasoro moja ya ziada. Maneno ya Kiswahili ni marefu: sentensi ya Kiingereza ya maneno matatu mafupi inaweza kuwa "anapiga mswaki" pamoja na nyongeza yake, na kwenye ukurasa wa sentimita 15 nafasi hakuna. Suluhisho la wachapishaji huwa ni kuweka Kiswahili chini kwa herufi ndogo zilizoinama. Kishike kitabu kwa mkono ulionyooka. Usiposoma mstari wa Kiswahili kwa mwanga wa taa ya chumbani, hutausoma saa mbili usiku ukiwa na mtoto mwenye usingizi begani.

Mitumba

Vitabu vya mitumba, vile vinavyouzwa kwa mafungu kando ya barabara jijini Nairobi na kwingineko, ndivyo vyenye thamani kubwa zaidi kwa pesa, kwa sababu kitabu cha kadi kilichopita mikono ya mtoto mmoja na bado kinafunguka vizuri kimeshafaulu mtihani. Nusa kwanza. Harufu ya uvundo haitoki, hata uanike mwezi mzima. Tazama madoa meusi ya ukungu kwenye mkunjo, hesabu vipande vya kufunua, na kipindue uone kama kinakaa sawa mezani. Kilichojikunja kama kigae kilishawahi kulowa.

Kukisafisha: kitambaa kilichokamuliwa sana, tone la sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji, pangusa ukurasa mmoja mmoja kuanzia katikati kwenda nje, kisha kitambaa kikavu papo hapo. Maji yasifike ukingoni, maana huko ndiko utando unakoishia. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo; mtoto ataitafuna. Kisimamishe wima kurasa zikiwa zimetawanyika kama feni, kivulini penye upepo. Jua kali hukausha upande mmoja kabla ya mwingine na kitabu kinajipinda siku hiyo hiyo. Kama kuna dalili za wadudu wanaokula gundi, kifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa na ukiweke kwenye friza siku kadhaa. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kitabu kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo mvuke utatua kwenye kurasa.

Cha ratiba kitengeneze

Kwa kuwa vya dukani havikidhi, na kazi yenyewe ni ya jioni mbili, cha ratiba ni bora ukitengeneze. Piga picha za vitu vya nyumbani kwako: kikombe cha uji, mswaki, beseni, chupa ya mafuta, chandarua kilichoshushwa. Vitu, siyo sura za watu peke yake, na kimoja kwa kila ukurasa. Ukitaka cha wanyama pia, mradi wa African Storybook una hadithi za Kiswahili zenye leseni huria ambazo unaruhusiwa kuchapa.

Chapa kadi 6 za A4 za gramu 250 hadi 300, upande mmoja tu, zikilala, picha mbili kwa kila kadi. Tumia printa ya leza. Wino wa printa za maji hutoka kwa mate, na utauona kwenye kidevu cha mtoto. Kabla ya kukunja, funika upande wenye picha kwa ile nailoni yenye gundi ya kujalidia madaftari, ukiibandika polepole kwa rula ili isiache mapovu. Usipeleke kadi kwenye mashine ya lamineshoni ya moto: mifuko yake huwa na pembe kali kama wembe na haikunjiki vizuri.

Chora mstari wa katikati kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino, ukiegemeza kwenye rula, kisha kunja picha zikiwa ndani. Sasa paka gundi nyeupe ya mbao nyuma ya nusu ya kulia ya kadi ya kwanza, safu nyembamba kama siagi ya mtu bahili, kutoka katikati kwenda pembeni, na ubandike nyuma ya nusu ya kushoto ya kadi ya pili. Endelea hadi ya sita. Gundi ikizidi, kadi hulowa na kukauka zikiwa na mawimbi. Ikipungua pembeni, ndipo zitakapoanza kuachana. Weka kipande cha nailoni ndani ya kila mkunjo, lundika vitabu vizito juu, acha saa 24.

Kesho yake kata ukingo wa mbele ili kila ukurasa uwe na upana wa sentimita 14.5. Mkato huu hauepukiki: kadi ya saba, ambayo ni jalada, ina urefu wa sentimita 29.7, na inatakiwa kuzunguka kurasa mbili pamoja na unene wa mgongo, karibu milimita 4. Usipokata, jalada litakuwa fupi. Gundisha jalada kwenye kadi ya mwanzo na ya mwisho tu, mgongoni usipake kitu. Likandamize tena saa 24, kata kilichozidi, kisha weka sarafu kwenye kila pembe, zungusha penseli na ukate kwa kufuata mviringo. Pitisha msasa laini kwenye kingo, pangusa vumbi, na umalizie kwa gundi nyembamba kuzunguka kingo zote. Ikikauka huwa kama utando, na mate yatachelewa kupenya.